Nijibu kabla hujapanda Jumatatu

Dar es Salaam, Ijumaa usiku

Kaka,

Habari za Mwanza? Huku wote wazima, mama anakusalimu, Zuwena kaanza shule. Mengine baadaye, maana picha uliyonitumia jana imeninyima usingizi. Uko juu ya bango, kiunoni mkanda tu, chini sioni mtu.

Wiki hii kazini tulikuwa kwenye mafunzo ya kazi za juu na uokoaji. Kaka, mkanda wa kiuno achana nao. Ukidondoka, kishindo chote kinaishia tumboni na mgongoni. Vaa wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani. Halafu piga hesabu ya nafasi unayohitaji chini yako ukidondoka: kamba mita 2, kile kifurushi cha kupunguza kishindo kilicho kwenye kamba kikifumuka kinaweza kuongeza mita 1.75, weka kimo chako kutoka mgongoni hadi unyayoni, weka na akiba ya mita 1. Ukifunga kamba usawa wa mgongo unahitaji zaidi ya mita 6 za wazi chini ya hapo. Kuna mabango yenu hayafiki! Ndiyo maana mkufunzi alikuwa anapiga kelele kutwa: funga juu ya kichwa, kamba iwe fupi.

Ila kinachonitisha zaidi ni kule kuning'inia. Kijana mmoja alining'inizwa karibu kabisa na sakafu, akaambiwa atulie. Muda kidogo tu akaanza kulalamika ganzi mapajani, wakamshusha. Mikanda inabana, damu inajaa miguuni, na mtu asiye na hata mchubuko anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Tulifundishwa kuchezesha miguu, kukanyaga kitanzi cha kamba, na mwenzako akufikie na kamba ya uokoaji yenye kapi, akunyanyue kidogo, akufungue, akushushe taratibu. Kamba hiyo iwe pale pale kazini, siyo imefungiwa stoo. Zimamoto wapigiwe 114, sawa, lakini mwenzako asikae kuwasubiri wewe unaning'inia.

Bosi wenu asiseme vifaa ni gharama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka atoe vifaa vya kinga. Yule mzee wa Kirumba si anasikilizana naye? Aongee naye. Na huo mkanda wa kiuno, narudia, uache.

Sasa niambie: ukiwa juu, nani anakaa chini? Ukining'inia anajua la kufanya, au atakimbilia ngazi apande bila kamba mkawa wawili? Kamba unaifunga kwenye chuma gani, kile cha fremu au kile chenye kutu? Jumatatu mnapanda wapi? Ninao mkanda mpya wa mwili mzima na kamba yake. Nikikutumia kwa basi kesho, utaupokea Nyegezi au Buzuruga?

Wako,
Baba Zuwena