Siwaogopi wanaobishana, namwogopa msuluhishi

Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa ukurasa wako wa barua umegeuka uwanja wa mvutano kuhusu umri wa dunia. Alianza mhubiri mmoja aliyeandika kuwa dunia ina miaka 6,000 na kwamba wanasayansi "wanakisia tu kwa kaboni". Akajibiwa kwa kejeli kwamba anayeamini uumbaji basi aache pia kwenda hospitali. Kisha akaja wa tatu, mpole, mwenye nia njema, akatupatanisha: kila siku ya uumbaji ni kama miaka bilioni moja, kwa hiyo maandiko na sayansi vinasema neno lilelile, tusameheane.

Mimi nimefundisha jiografia hadi nikastaafu, na Jumapili husimama kusoma Neno mbele ya waumini wenzangu. Wale wawili wa kwanza nimewazoea. Huyu wa tatu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nianze lakini na kaboni, maana kosa hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma sana. Hakuna anayepima umri wa dunia kwa kaboni. Kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo kwenye viumbe, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na ukivuka miaka 50,000 huwa imebaki kiasi kidogo kisichopimika vizuri. Inafaa kwa mifupa, mbao na makaa ya kale. Kuitaka iseme umri wa dunia ni kama kuiuliza saa ya ukutani babu yako alizaliwa mwaka gani.

Kinachotumika ni urani. Madini haya hugeuka kuwa risasi (ile metali, si ya bunduki) kidogo kidogo, kuwe na joto au baridi. Iko ya aina mbili: nusu ya urani 238 huchukua miaka bilioni 4.47 kugeuka, urani 235 huchukua miaka milioni 704. Jiwe moja, basi, hubeba saa mbili zenye mwendo tofauti, na zote mbili zikitaja wakati mmoja ni vigumu kusema zimekosea kwa pamoja. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alichapisha hesabu yake iliyotokana na risasi ya kwenye vimondo, yaani mawe yaliyoanguka kutoka angani, kimojawapo kikiwa kile cha Canyon Diablo huko Arizona: miaka bilioni 4.55. Alikimbilia vimondo kwa sababu miamba ya dunia yenyewe imeyeyuka, imesagika na kufinyangwa upya mara nyingi mno, ilhali vimondo vilibaki karibu kama vilivyokuwa siku zile vumbi na gesi vilivyolizunguka jua changa vilipokuwa vikijikusanya kuwa sayari. Leo vitabu vinataja bilioni 4.54. Katika miaka yote hiyo hesabu imesogea kwa unywele. (Maabara yake ilikuwa ikichafuliwa na risasi kila mara hata akaanza kuuliza inatoka wapi, na mwishowe akawa mmoja wa waliopigania iondolewe kwenye petroli. Anayedhani kuhesabu miaka ya mawe ni kupoteza muda alikumbuke hilo.)

Mhubiri wetu ataniuliza, kama wanafunzi wangu walivyoniuliza kila mwaka: mnajuaje kwamba saa hizo hazikukimbia zaidi hapo zamani? Ni swali zuri kuliko wanaolicheka wanavyodhani, na lina majibu. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba urani iliyochimbwa Oklo, nchini Gabon, ina upungufu mdogo wa urani 235. Ilikuwa imekwisha kuungua. Karibu miaka bilioni 2 iliyopita, chini ya ardhi, maji yakipenya ndani ya mwamba, urani ile iliwaka yenyewe kama kinu cha nyuklia, na masalia yake yanaonyesha kwamba kanuni zilizotawala moto ule ndizo hizi tunazozijua leo.

Ushahidi mwingine, na huu ndio niupendao, umo ndani ya matumbawe. Tumbawe hujenga ganda lake kwa mistari myembamba, mmoja kwa siku, na mistari hiyo hubadilika kufuata majira ya mwaka. Mwaka 1963 mtaalamu wa matumbawe John Wells alihesabu mistari kwenye matumbawe yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 380 hivi kwa saa ya madini, akakuta mwaka mmoja una siku kama 400. Wanaastronomia nao walikwisha kuona kwamba mwezi, kwa kuvuta maji ya bahari, unaipunguza kasi dunia inavyojizungusha. Ukirudi nyuma umri uleule, hesabu yao inakupeleka kwenye siku karibu 400. Hawa wanatazama angani, yule anatazama ganda la mdudu wa baharini, wa tatu anapima madini. Hawakukaa kikao wakapanga la kusema.

Ile miaka 6,000 je? Biblia haiitaji popote. Iliyo maarufu zaidi ni hesabu ya James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, aliyejumlisha umri wa mababu na miaka ya wafalme, na mwaka 1650 akatangaza kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwanzoni mwa karne ya 18 tarehe zake zikaanza kuchapishwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza, na pambizo lina tabia hiyo: ukilisoma miaka mingi unalidhani aya. Sipendi Ussher anapochekwa. Alikuwa msomi mkubwa aliyetumia kila andiko lililopatikana zama zake. Lakini hesabu yake ni kazi ya mwanadamu, na anayeikataa hajakataa Neno la Mungu. Ndugu zangu Waislamu hapa wana nafuu, kwani Kurani inataja siku sita bila kuzipangia mwaka, tena inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya hesabu yetu, na mahali pengine inataja siku ya miaka elfu hamsini.

Hapo msuluhishi wetu ataruka juu kwa furaha: si unaona, siku siyo siku! Ngoja kwanza.

Nakubali kwamba siku zile si lazima ziwe za saa 24. Mtakatifu Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliona hivyo tangu karne ya 5, kabla ya jiwe lolote kupimwa, kwa kuwa alijiuliza jioni na asubuhi zilikuwaje kabla ya jua. Ninachokataa ni kukaa na kalamu ukigawa bilioni kwa siku sita. Kwanza haigawiki. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo miti ya matunda inachipua siku ya tatu, jua na mwezi vinawekwa siku ya nne. Urefushe siku uwezavyo, mpangilio hautalingana na wa wanajiolojia, ambao wanaanza na jua na kuiweka miti ya matunda karibu kabisa na mwisho. Nimewaona watu wakijikunja kama kamba ili walinganishe: mawingu yalifunika jua, miti ina maana ya kuvu. Aliyeiandika sura ile hakustahili kufanyiwa hivyo.

Pili, na hili ndilo zito, sayansi haikai ilipo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanafizikia aliyeheshimika kuliko wote Uingereza, Lord Kelvin, naye Mkristo thabiti, alikokotoa muda ambao dunia ingechukua kupoa kutoka hali ya kuyeyuka. Mwaka 1897 alisema ni kati ya miaka milioni 20 na 40. Mfikirie mhubiri wa mwaka ule ambaye angepanda mimbarini na kusema: "Tazameni, kila siku ya uumbaji ni miaka milioni tano, Kelvin amethibitisha Biblia!" Kelvin hakuzingatia kwamba miamba ya ndani kabisa hujisukasuka polepole na kupandisha joto, na mionzi ya madini ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa, mwaka 1896. Haikupita miaka mingi, hesabu ile ikaanguka. Waumini wa mhubiri yule wangefanya nini na imani waliyoifunga kwenye nguzo hiyo?

Aliyelijua jambo hili vizuri kuliko sote alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulianza kutoka kwenye kitu kimoja kidogo, kizito ajabu. Ndiyo mbegu ya nadharia ya Mlipuko Mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi akaisifu elimu hiyo mpya kana kwamba inaushuhudia uumbaji. Ungetegemea padri afurahi. Lemaître alifadhaika, na baadaye yeye na mkuu wa kituo cha Vatican cha kutazama nyota walijitahidi kuhakikisha kauli ya namna hiyo hairudiwi. Kwake nadharia ile ilikuwa ya fizikia tu. Mtu angeweza kuikubali na kusali, au kuikubali asisali. Asubuhi aliadhimisha misa, mchana akarudi kwenye milinganyo yake, wala hakuona haja ya kuifanya milinganyo iseme "Amina".

Hii inamhusu mdhihaki pia. Risasi ya Patterson inatoa miaka. Haitoi jibu la iwapo kuna aliyekusudia dunia iwepo. Anayesoma jibu hilo ndani ya jiwe, liwe ndiyo au hapana, amelitia mwenyewe. Wala asidhani waumini walingoja kufundishwa kutazama. Ibn Sina, mwanachuoni wa Kiislamu, aliandika, zaidi ya miaka 900 iliyopita, kwamba milima huinuliwa na kuchongwa na maji kwa muda mrefu mno. Nicolas Steno, aliyeeleza mwaka 1669 kwamba tabaka la chini la mwamba ndilo la zamani, alifariki akiwa askofu. Orodha ya wanasayansi wacha Mungu haithibitishi kuwa Mungu yupo, najua. Inathibitisha tu kwamba mdhihaki hajasoma historia.

Kuna kichaka kimoja bado ambacho wengine hukimbilia: kwamba Mungu aliumba dunia juzi ila akaifanya ionekane kongwe, na visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, ndani yake. Philip Gosse, mtaalamu wa viumbe wa bahari na mcha Mungu, alilisema hilo mwaka 1857. Rafiki yake Charles Kingsley, kasisi, alikataa kuamini kwamba Mungu ameandika uongo mkubwa juu ya miamba. Sina la kuongeza.

Ninalo, hata hivyo, jambo ambalo mhubiri angeniuliza ningekosa pa kushika haraka. Visukuku si umri tu. Ni maiti. Kuna mifupa yenye alama za meno ya wanyama wengine na mingine yenye dalili za ugonjwa, iliyolala mamilioni ya miaka kabla ya mtu yeyote kutenda dhambi. Sisi tuliofundishwa kwamba mauti yaliingia kwa kosa la Adamu tunaliwekaje hilo? Wapo wasemao Paulo aliongelea mauti ya binadamu pekee. Mimi huirudia Zaburi ya 104, ambamo wana-simba hunguruma wakimwomba Mungu mawindo, na mtunzi haoni aibu kulitaja hilo katikati ya sifa. Hunituliza nusu. Nusu nyingine bado inaniuma, na kuigawa bilioni kwa sita hakuigusi hata kidogo.

Mhubiri aliyeanzisha mjadala huu anaandika vizuri na ni dhahiri anayajua maandiko. Amwachie Patterson hesabu, atuandikie juu ya hilo.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa jiografia