Saa ya mapumziko, nani anawaangalia watoto?

Mhariri,

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule moja ya msingi hapa mjini Lamu, walimu huingia ofisini kunywa chai na kusahihisha madaftari. Uwanjani watoto hubaki peke yao. Juzi nilimwona mvulana wa gredi ya kwanza amepanda ukuta wa mawe uliomong'onyoka, wenzake wakimsukuma kwa chini. Lango nalo lilikuwa wazi, na kichochoroni punda walikuwa wakipita na shehena za mchanga. Hapakuwa na mtu mzima hata mmoja.

Siwalaumu walimu, ni wachache na kazi ni nyingi mno. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaipa Bodi ya Usimamizi jukumu la kuhakikisha usalama wa wanafunzi. Basi bodi ipange zamu: mwalimu mmoja akae langoni, mwingine azunguke uwanja mpaka nyuma ya vyoo, maana huko ndiko wadogo wanakoonewa na kunyang'anywa mahamri yao. Wazazi wengi tuko tayari kusaidia, tuitwe tu. Na lango lifungwe leo hii, hilo halingoji kikao.

Mzazi,
Mkomani, Lamu