Historia ya Winnipeg Jets ilianza 1972

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mpira wa magongo wa barafuni imesema Winnipeg Jets ni timu ya mwaka 2011. Kwa vitabu vya NHL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani na Kanada, hamjakosea: timu ya sasa ilihamia hapa Winnipeg mwaka huo ikitokea Atlanta, na rekodi inazohesabiwa ni za Atlanta. Lakini mzee jirani yangu, aliyenifundisha mchezo huu nilipohamia Kanada, aliumia sana nilipomsomea.

Jets ya kwanza ilizaliwa 1972 katika WHA, ligi iliyojitosa kushindana na NHL. Mwaka huohuo ilimng'oa nyota Bobby Hull kutoka timu ya NHL ya Chicago kwa kitita cha dola milioni 1, fedha ambayo mchezo huo haukuwa umewahi kuiona. Mwaka 1974 wakaja Waswidi wawili, Anders Hedberg na Ulf Nilsson, wakati Wazungu wa Ulaya wakidharauliwa kuwa legelege. Walipigwa magongo, wakabamizwa ukutani, na bado wakiwa na Hull walicheza pasi za kasi zilizokuja kuigwa na wengine. Kombe la Avco, la bingwa wa WHA, Jets ililichukua mara 3: 1976, 1978 na 1979.

NHL ilipowapokea Jets 1979 iliwapokonya nyota kadhaa, wakaanza upya. Hata hivyo ni kwa jezi hiyo Mfini Teemu Selänne alifunga mabao 76 katika msimu wake wa kwanza, 1992-93. Hakuna mgeni wa ligi aliyeyafikia hadi leo.

Dola ya Kanada ilipodhoofu, na mishahara ikilipwa kwa ya Marekani, mashabiki walichangishana, hazikutosha. Mwaka 1996 timu ilihamia Phoenix, jimbo la Arizona, ikaondoka na rekodi zake. Mwaka 2024 wachezaji wa timu hiyo ya Arizona wakapelekwa Utah, lakini Utah ikahesabiwa timu mpya. Kwa hiyo mabao ya Selänne sasa ni ya klabu isiyocheza popote!

NBA, ligi ya mpira wa kikapu, iliwarudishia watu wa Charlotte historia ya timu yao ya zamani, Hornets, mwaka 2014. NHL inashindwa nini kuirudisha hii Winnipeg, kwa watu waliojaza viwanja kwa miaka 24?

Nawaomba mkiandika tena juu ya Jets, muutaje mwaka 1972. Nitamsomea mzee.

Msomaji wenu,
Winnipeg, Kanada