Saa saba za kwenda wapi?

Mhariri,

Ile habari yenu ya London na New York, yenye mstari mwekundu ulionyooka kama rula juu ya ramani, nimeisoma mara mbili, katikati nikasimama kufuta miwani. Mmeandika kilomita 5,550, muda wa kuruka saa saba, basi. Saa saba za kwenda au za kurudi? Miaka kumi na tisa nasoma gazeti hili bila kuwaandikia hata mstari, ila safari hii mmenitonesha kidonda.

Kidonda chenyewe ni hiki. Niliwahi kusafiri njia hiyohiyo, kuelekea New York, nikiwa na hesabu kama yenu kichwani: gawa kilomita kwa mwendo wa ndege, 900 hivi kwa saa, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, umemaliza. Tiketi ya kuendelea mji wa tatu nikaikata peke yake, nikajiachia saa mbili za kubadili ndege. Hakuna aliyeniambia kwamba huko juu, kilomita kumi na zaidi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi ya ajabu, na kwamba anayekwenda New York anashindana nao wakati anayerudi London anasukumwa nao. Tulikaa dakika arobaini kwenye foleni ya kuruka, kisha angani saa nane kasoro robo. Foleni ya uhamiaji siisemi. Ndege yangu ya pili niliiona kupitia kioo ikirudishwa nyuma kuondoka, nami nikalala kwenye kiti cha chuma huku mpwa wangu akinisubiri hadi usiku wa manane, akidhani mjomba kapotea. Kurudi tulitumia saa sita na dakika chache! Na Februari 2020 ndege ya kawaida ya abiria ilitoka New York ikafika London chini ya saa tano, imebebwa na upepo wa dhoruba. Hizo saba zenu basi ni za nani?

Umbali nao hausemi kila kitu. Helsinki hadi Tokyo zilikuwa saa tisa na kitu. Tangu anga la Urusi lifungiwe mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ni kama 13. Tokyo haijahama.

Halafu haya mambo ya ratiba. Jirani yangu wa kiti alisoma kuondoka saa tano asubuhi, kufika saa nane mchana, akamwambia mkewe kwamba ni safari ya saa tatu, kwa kuwa tiketi huandika saa za kila mji bila kumkumbusha mtu. Na mashirika yanavyojaza dakika za akiba kwenye ratiba, ndege ikichelewa kuondoka bado inatangazwa imewahi kufika, nasi tunashukuru kama wajinga.

Nawaomba mnunulie dawati la habari tufe moja la ramani ya dunia, lisipungue ukubwa wa mpira wa miguu, na uzi wa kushonea. Uzi ukivutwa kutoka London hadi New York utawaonyesha wenyewe kwamba njia fupi hujipinda kaskazini kupitia Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Chini yake mwandike muda mara mbili, wa kwenda na wa kurudi. Uzi nitauleta mimi, mweusi, mita mbili.

Msomaji wenu wa kimya, hadi leo