Barua kwa Mwanangu Anayetafuta Simu Mpya

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea barua yako pamoja na jedwali ulilolichora, lenye simu tatu za Android juu na sifa kumi na nne pembeni, na alama ya vema katika kila safu kwa simu iliyowashinda wenzake. Umezihesabu vema hizo, simu ya kwanza ikapata sita, ya pili tano, ya tatu tatu, kisha ukaniuliza kama uinunue ile ya kwanza. Jedwali lako nimelisoma mara mbili na nimeona bidii uliyoitia, ila lina kasoro moja ambayo si yako bali ni ya majedwali yote ya namna hiyo: limezipa safu zote uzito mmoja. Kwa jedwali, tundu la hedifoni ni vema moja, na miaka ya masasisho ya usalama nayo ni vema moja. Halijui kwamba wewe unakaa barabarani saa tatu kila siku kwenda na kurudi kazini, wala kwamba una laini mbili, wala kwamba simu uliyokuwa nayo kabla ya hii iliuawa na mvua.

Kwa sababu hiyo sitakutajia simu. Nitakuomba badala yake uchukue hiyo unayoitumia sasa, yenye ufa kwenye pembe, uichunguze imekukwaza wapi. Fungua Mipangilio, ingia kwenye sehemu ya betri, utazame ni programu zipi zinazokula chaji. Kisha nenda kwenye sehemu ya hifadhi uone kilichoijaza ni picha zako mwenyewe au ni video za makundi ambazo hukuziomba na hujazifuta. Mwisho tazama ni saa ngapi kwa siku kioo chako huwa kimewaka, na kwa shughuli gani. Kurasa hizo tatu zinakufahamu kuliko muuzaji yeyote atakayekupokea kwa tabasamu.

Uliponiandikia kwamba simu inazima ghafla ikiwa imebakiza asilimia 30, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mgonjwa ni betri, si simu. Betri ya lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa na kutumiwa, na huchakaa upesi zaidi kwa joto. Ikishachoka, hushindwa kutoa umeme wa kutosha pale prosesa, yaani ubongo wa simu, inapouhitaji kwa mkupuo, kwa mfano unapofungua kamera, na simu hujizima ilhali namba kwenye kioo bado inadai kwamba chaji ipo. Fundi mzuri hubadilisha betri, na simu ikaendelea na maisha yake. Ningekushauri ufanye hivyo na fedha yako uiweke, kama si sentensi moja uliyoiandika kana kwamba ni mzaha, kwamba tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kwenye simu hiyo imepita miaka miwili. Hapo ndipo nilipokubali kwamba unahitaji simu mpya.

Naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye jambo hili, kwa maana umeliweka safu ya kumi na mbili, na mimi ningeliweka ya kwanza. Tangu mwaka 2015 Google hutoa kila mwezi orodha ya matundu ya usalama yaliyogunduliwa katika Android pamoja na viraka vyake. Lakini kiraka cha Google hakifiki kwenye simu yako chenyewe. Kampuni iliyoitengeneza simu lazima ikichukue, ikipatanishe na mfumo wake, kisha ikutumie. Siku kampuni hiyo inapoacha kukutumia, matundu hayakomi kugunduliwa, na orodha inaendelea kutoka hadharani kila mwezi, ikisomwa na wahandisi na wezi vilevile. Wewe unafanyia benki kwenye simu, na namba za siri za kuthibitisha huingia humohumo. Sidhani kama unaweza kuliweka hilo kwenye mizani moja na tundu la hedifoni.

Mambo yamebadilika sana katika eneo hili, na ni kwa faida yako. Zamani kidogo miaka miwili au mitatu ya masasisho ilihesabiwa kuwa ukarimu. Mwezi Oktoba 2023 Google iliitoa Pixel 8 ikiwa na ahadi ya miaka 7, na Januari 2024 Samsung ikaahidi miaka 7 kwa simu za Galaxy S24. Simu za bei ya chini bado ziko nyuma, na ahadi zake hutofautiana sana, kwa hiyo utafute ahadi ya simu yenyewe, si ya kampuni kwa jumla. Uangalie mambo mawili. La kwanza, ahadi ya matoleo mapya ya Android na ahadi ya masasisho ya usalama mara nyingi huwa ni namba mbili tofauti, na wauzaji hupenda kutaja ile kubwa. La pili, hesabu huanza siku simu ilipotoka, si siku ulipoilipia. Simu yenye ahadi ya miaka 7 ukiinunua ikiwa na miaka mitatu, unanunua miaka minne. Yenye ahadi ya miaka minne ukiinunua katika hali hiyohiyo, unanunua mwaka mmoja, hata kama bei imepunguzwa kwa furaha kubwa. Chukua bei, uigawe kwa miaka iliyobaki, uone. Nimefanya hesabu hiyo kwa simu zako tatu, na ile uliyoipa vema tatu tu ndiyo iliyotoka ya bei nafuu kuliko zote.

Sasa chaji, ambayo najua ndiyo iliyokuchosha. Simu zote tatu umeziandikia 5000 mAh na ukaziona sawa, na hapo umenaswa, kwa sababu namba hiyo ni ukubwa wa tangi, haisemi gari linakunywa kiasi gani. Prosesa ya kisasa yenye kubana matumizi inaweza kukufikisha usiku kwa betri ambayo prosesa nyingine inaimaliza alasiri. Kioo nacho hula, hasa mng'ao ukiwa juu. Jambo lisiloandikwa kwenye kasha lolote ni kwamba mtandao ukiwa hafifu simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, na wewe ukiwa safarini saa tatu, ukipita maeneo ambayo mawimbi yanakuja na kutoweka, hapo ndipo chaji yako inapoishia hata ukiwa umeifunga mfukoni. Tafuta wapimaji wanaozitumia simu zote kwa utaratibu mmoja hadi zizime, ukalinganishe saa na saa. Na hizo wati nyingi za kuchaji kwa kasi, zilizoipa simu ya kwanza vema nzima, zingekuwa na maana kama ungekuwa mtu wa kuchaji kwa dakika kumi huku ukikimbia. Wewe huchaji usiku kucha ukiwa umelala, na kwa mtu anayelala, wati 25 na wati 120 hufika asubuhi pamoja. Isitoshe, kasi hiyo mara nyingi huhitaji chaja ya kampuni yenyewe, na siku hizi makasha mengi huja bila chaja.

Kuhusu hifadhi nina kisa, na ni cha kosa langu. Mwaka 2020 nilinunua simu kwa sababu ilikuwa na kamera nne nyuma, nikaamini kwamba nne ni bora kuliko mbili. Hifadhi yake ilikuwa GB 32, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wenyewe na programu zilizokuja nao. Siku moja bibi yako alikuwa akinisimulia jinsi walivyohama alipokuwa msichana, nami nikawasha kinasa sauti. Alipofika mahali anapotaja majina ya waliobaki nyuma, simu ikatoa mlio mdogo, ikaandika kwamba nafasi haitoshi. Nilifuta picha haraka haraka huku nikimwambia asubiri, na alipoanza tena hakurudia kama alivyosema mwanzo. Na zile kamera nne? Mbili zilikuwa za megapikseli 2 kila moja, pambo la kujazia mduara.

Kwa hiyo usishuke chini ya GB 128, na kwa jinsi unavyohifadhi mihadhara ya sauti, GB 256 hazitakupotea. Umeniandikia kwamba simu ya pili ina nafasi ya kadi ya memori, nami nimefurahi, ila nenda ukaitazame trei yake kwa macho: nyingi zina vyumba viwili tu, ambapo chumba cha pili hukaa ama laini ya pili ama kadi, si vyote viwili. Mtu wa laini mbili hana kadi hapo, labda laini moja iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, na simu iwe inaikubali. Na ukiona RAM, ile memori ya muda ambamo programu hufanyia kazi, imeandikwa 8+8, jua kwamba nane ya pili imekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole kuliko RAM halisi. Hesabu nane moja.

Kamera nitaipitia upesi kwa sababu wewe mwenyewe huipi umuhimu, na nimekuona ukipiga picha risiti kuliko watu. Kamera kuu ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya takriban megapikseli 12, na hilo ni jambo jema, hasa kwenye mwanga hafifu. Ukitaka kigezo kimoja, uliza kama kamera kuu ina kitulizi cha lenzi cha kuzuia mtikisiko, kile kinachoandikwa OIS. Basi.

Mvua ndiyo iliyokugharimu mara ya kwanza, kwa hiyo usome herufi za IP kwa makini. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji; IP67 maana yake vumbi haliingii, na simu imejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Maji hayo ni matulivu na safi, na simu ni mpya. Mpira unaoziba hulegea kwa miaka na kwa kuanguka, na dhamana mara nyingi haigusi madhara ya maji. Ichukue kama mwavuli, usiende nayo kuogelea.

Kioo siwezi kukuchagulia kwa barua. Unasoma safarini, mchana, jua likipiga dirishani, kwa hiyo mng'ao una maana kwako kuliko zile Hz 120, yaani kioo kujichora upya mara 120 kwa sekunde, zinazofanya kurasa ziteleze. Hizo ni nzuri machoni, lakini hula chaji, na simu nyingi hukuruhusu kuzishusha hadi 60. Kioo cha OLED kina faida kwamba nukta nyeusi huwa imezimwa kabisa, hivyo kusoma maandishi meupe juu ya giza hupunguza matumizi. Zaidi ya hapo, shika simu yenyewe kwa mkono mmoja ukiwa umesimama, kama utakavyosimama kwenye basi, ujaribu kufikisha kidole gumba kwenye pembe ya juu. Mikono yako ni midogo kama yangu, na gramu 220 huwa nzito kabla ya nusu saa kuisha.

Rafiki yako anayekushawishi ununue simu ya daraja la juu iliyotumika hajakosea. Simu ya namna hiyo yaweza kuizidi mpya ya daraja la kati kwa kioo, kamera na prosesa. Rudi tu kwenye hesabu ya miaka iliyobaki, ukumbuke kwamba na betri yake imekwisha kutumika. Bonyeza *#06#, ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na iliyo kwenye kasha, tia laini zako zote mbili upige simu mbele ya muuzaji, na uhakikishe hajaiacha akaunti yake ndani. Simu inayoomba nenosiri la mtu mwingine baada ya kufutwa haitakuwa yako kamwe. Ikiwa imetoka nchi nyingine, angalia pia kwamba haijafungwa kwa mtandao mmoja na kwamba inashika masafa ya 4G na 5G ya mitandao yako.

Nimelirudisha jedwali lako pamoja na barua hii. Nimezikata safu kumi na moja kwa penseli ili uweze kunipinga, nikaziacha tatu: miaka ya masasisho iliyobaki, saa za chaji zilizopimwa, na hifadhi. Kama kuna niliyoikata na unaihitaji kila siku, irudishe, lakini uifute moja kati ya hizo tatu.

Ukishanunua, usiifute hiyo ya zamani siku hiyohiyo. Hamisha kwanza namba, picha na mazungumzo, na hasa ile programu inayokutolea namba za kuthibitisha akaunti, kwa maana wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kufuta. Kaa na simu zote mbili wiki nzima. Kisha ondoa akaunti yako, uifute, uniletee mimi. Haitakuwa na laini wala benki. Nataka iwe redio yangu ya jikoni, na huko huwa imechomekwa kwenye umeme, kwa hiyo hiyo asilimia 30 yake hainisumbui.

Ni mimi,
Mama yako.