Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Familia za Kuasili, za Malezi ya Kambo na Zinazolea Watoto wa Ndugu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu dawati letu la ushauri limehudumia zaidi wale wanaolea watoto wa ndugu: bibi, shangazi, wajomba, baba wadogo, na kaka na dada wakubwa waliobaki na wadogo zao. Aliyeasili ana hati ya Mahakama Kuu. Mwenye mtoto wa malezi ya kambo, yaani anayelea kwa muda mtoto asiye wake, ana kibali cha ustawi wa jamii. Anayelea mjukuu au mpwa mara nyingi hana karatasi hata moja, wala hashtuki mpaka siku mtoto anapotakiwa kulazwa, kuandikishwa mtihani au kuomba mkopo wa chuo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya taarifa hii inawahusu wao.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 husajiliwa bure kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kupitia mpango wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoani. Aliyevuka umri huo anaombewa ofisi ya RITA ya wilaya. Nendeni na tangazo la kizazi kama lilitunzwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na cheti cha shule ya msingi kwa aliyemaliza. Akishafikisha miaka 10 uchunguzi unakuwa mkali zaidi, kwa hiyo msisubiri.

Kosa linaloleta kazi ngumu kuliko yote ni babu na bibi kujiandikisha kwenye cheti kuwa ndio wazazi. Wengi hufanya hivyo kwa huruma, wengine ili kumsitiri binti aliyezaa akiwa shuleni. Madhara yake huonekana baada ya miaka mingi. Cheti cha kifo cha mama halisi hakimhusu tena mtoto huyo, kwa sababu kwa maandishi mama yake ni bibi. Hawezi kuthibitisha kuwa ni yatima anapoomba mkopo, na ndugu wenye tamaa watamwambia hana haki katika mirathi ya marehemu. Kuirekebisha kumbukumbu hiyo ni safari ndefu, na kutoa taarifa ya uongo kwa msajili ni kosa la jinai. Andikeni wazazi halisi, hata kama wamefariki au hawajulikani walipo. Bibi ana nafasi yake halali kama mtoa taarifa.

Cheti cha kifo nacho husahaulika. Kibali cha mazishi hakitoshi. Ni hatua tu ya kukipata cheti. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na muda ukipita bado usajili unawezekana, ila kwa maelezo na viambatanisho zaidi. Mwombaji yatima wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwasilisha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa vilevile. Nakala tupu haikubaliki. Uhakiki ufanyike kijana akiwa bado kidato cha sita, maana dirisha la maombi likifunguliwa foleni huwa kubwa na cheti chenye herufi moja tofauti hurudishwa.

Kuhusu majina: watoto wengi tunaowalea huanza shule kwa jina la mjomba au babu, huku cheti kikiwa na jina la baba. Lisawazisheni kabla ya usajili wa mtihani wa darasa la saba. Jina likishaingia kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani (NECTA), mtoto huenda nalo hadi chuo, na baadaye itabidi apate hati ya kiapo au ya kubadili jina kila anapoulizwa.

Tukija kwenye ulezi wenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani apewe haki ya kukaa naye na kumtunza. Ombi hupelekwa Mahakama ya Watoto. Ambatanisheni vyeti, barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Muhtasari huo ndio unaokwamisha mashauri mengi: unasainiwa na upande mmoja tu. Upande wa baba ukiitisha kikao bila upande wa mama, pingamizi huja mahakamani na shauri huanza upya. Alikeni pande zote mbili, kila mmoja aandike jina, uhusiano wake na mtoto, namba ya simu na sahihi. Mtoto aliyekwisha kupata akili asikilizwe pia. Sheria inampa haki ya kutoa maoni.

Wapo wanaokimbilia kuasili wakati amri ya ulezi ingetosha. Tofauti ni kubwa. Amri ya ulezi haikati uhusiano wa mtoto na wazazi wake, na mahakama inaweza kuibadili hali ikibadilika. Kuasili kunahamisha haki na wajibu wote wa mzazi kwenda kwa aliyeasili. Kwa bibi ambaye binti yake yupo hai, anafanya kazi Muscat na anatuma fedha kila mwezi, kuasili si njia yake. Anachohitaji ni kiapo cha mama, kilichoapwa kabla hajasafiri, kinachompa bibi mamlaka ya kuamua kuhusu matibabu na shule, pamoja na nakala ya kitambulisho cha mama. Nawasihi sana wanaoaga watoto kwenda Ghuba wasipande ndege bila kuacha karatasi hiyo.

Kwa malezi ya kambo na kuasili utaratibu unafahamika, nitaugusa kwa ufupi. Maombi huenda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia afisa ustawi wa halmashauri mnakoishi. Afisa hutembelea nyumba, huzungumza na watu wa kaya na majirani, huangalia afya, kipato na nafasi ya kulala, kisha huandika taarifa. Mtoto hukaa kwanza kwa malezi ya kambo chini ya usimamizi, ndipo maombi ya kuasili yaende Mahakama Kuu. Mwombaji awe amezidi miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Ndugu wa mtoto anaweza kuomba akishavuka miaka 18. Hati ikitoka, hakikisheni inaingizwa kwenye daftari la watoto wa kuasili kwa Msajili Mkuu na cheti kipya kinatolewa. Wapo waliobaki na hukumu kabatini wakidhani kazi imekwisha.

Kuna jambo lazima nilisemee kwa uzito. Aliyekuta mtoto mchanga ametupwa asimpeleke nyumbani akamlea kimyakimya, hata kama ameguswa kiasi gani. Apelekwe hospitali, tukio liandikishwe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na afisa ustawi ajulishwe siku hiyohiyo; namba 116 nayo hupokea taarifa bila malipo. Bila kumbukumbu ya polisi hakuna ushahidi kwamba wazazi walitafutwa wakakosekana, na ombi la kuasili halitasimama. Familia inayoruka hatua hii inaweza kunyang'anywa mtoto aliyekwisha kuizoea, na anayeumia zaidi ni mtoto.

Upande wa mirathi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake aliyefariki. Mlezi anayo haki ya kufika Mahakama ya Mwanzo kufuatilia kama msimamizi wa mirathi amewasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. V na hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. VI. Wasimamizi wengi huishia kwenye kuteuliwa, wasirudi tena. Kwa wanachama Waislamu: mtoto wa kulea hairithi mali ya mlezi kwa sheria ya Kiislamu, bali anaweza kuusiwa mpaka theluthi moja. Andikeni wasia mkiwa wazima. Zanzibar, Sheria ya Watoto ya mwaka 2011 inaitambua kafala, yaani malezi ya Kiislamu yasiyobadili nasaba ya mtoto, moja kwa moja. Wanachama wa huko wafuate utaratibu huo.

Kwenye sera, kamati inaleta mapendekezo matatu.

La kwanza ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa siku 84 kwa mama aliyejifungua, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Aliyepokea mtoto wa kuasili wa miezi 2 hatajwi, ingawa mtoto huyo halali usiku na anahitaji kumzoea mtu mmoja. Kenya tayari inatoa mwezi mmoja wenye malipo kamili. Tunaomba walau kiwango hicho.

La pili, hati ya ulezi ya ngazi ya kata, itolewe na afisa ustawi baada ya kuitembelea kaya, na itambulike shuleni, hospitalini na kwenye bima ya afya. Ukomo wa watu sita kwa kaya, kama ulivyokuwa kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, unamwacha nje mjukuu wa sita wa bibi anayeishi na wajukuu peke yake. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 uizingatie kaya ya namna hii.

La tatu, maofisa ustawi wa jamii wafike kata zote wakiwa na nauli. Taarifa ya uchunguzi ndiyo mlango wa kila hatua niliyoitaja hapo juu, na inapochelewa, sababu mara nyingi ni kwamba afisa hana usafiri wa kumfikisha kijijini.

Hesabu za mwaka zitasomwa na mweka hazina baada ya taarifa hii. Mapendekezo matatu yatapigiwa kura moja baada ya jingine, na wenye marekebisho wayakabidhi kwa katibu kwa maandishi kabla kura haijaanza.

Mwenyekiti