Nilivyomzeesha mwanangu kwa kidole gumba

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu watoto na programu za simu, ile yenye picha ya mtoto kainamia kioo na mama kasimama nyuma kashika kiuno, nimeisoma mara mbili. Sijaandika kwenye safu hii tangu ule mjadala wa herufi ndogo za matangazo ya vifo. Nilidhani hasira zimeniisha, kumbe bado.

Mwandishi wenu anasema wazazi tunakosa uelewa, hivyo tuitwe semina tugawiwe vipeperushi. Sikubali. Tunajua, tena vizuri, ila mtoto aliyeshika simu hapigi kelele, nasi tunaupenda ukimya ule.

Nianze na mimi. Mwanangu wa miaka tisa alinijia na kishikwambi. Programu fulani ya video fupi ilimuuliza tarehe ya kuzaliwa, akaandika ya kweli, ikamkatalia. Nami wakati huo nilikuwa na simu yangu mkononi, natazama (nakiri) mtu akisafisha zulia. Sikuuliza programu ni ya nini. Nilikipokea, nikalisukuma lile gurudumu la miaka kwa kidole gumba, likaserereka hadi likasimama kwenye 1989, nikabonyeza "endelea", nikamrudishia. Mwaka huo si wa mtu yeyote nyumbani kwetu. Ndipo gurudumu lilipoishiwa nguvu. Tangu siku hiyo mwanangu ni mtu mzima. Analetewa matangazo ya mikopo na ya dawa za upara. Usiku mmoja nikamkuta chini ya shuka anatazama matangazo mubashara, watu wazima wanatukaniana mama. Nikafoka. Akaniuliza kwa upole, "Baba, si wewe uliyewaambia mimi ni mkubwa?" Nikaenda kuzima intaneti ya nyumba nzima, utadhani intaneti ndiyo iliyosukuma gurudumu.

Sasa semina ingenifundisha nini? Kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo? Nilijua. Kwamba Google walileta Family Link, programu ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto, mwaka 2017 na Apple wakaja na ya kwao mwaka uliofuata? Niliiweka, na mwanangu akaifungua kabla ya chakula cha jioni, maana nenosiri lilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa, ile ya kweli. Hata hiyo miaka 13 inayotajwa na programu nyingi asili yake ni sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu taarifa za watoto mtandaoni, haikupimwa kwa akili ya mtoto. Kampuni zimeweka mlango na kuutundika ufunguo papo hapo kwenye komeo, nasi ndio tunaomfungulia mtoto. Na ni mzazi gani, simu yake mwenyewe ikiwa mkononi, aliyewahi kusema kwa sauti, mtoto akisikia, "Hivi hii programu nimeifungua kwa nini?" kisha akaifunga?

Na kwa kuwa kalamu ninayo, niseme pia juu ya makundi ya wazazi wa darasa. Mchana mwalimu anatuasa tuwanyang'anye watoto simu. Saa tatu usiku anatuma kazi ya nyumbani kwenye kundi, picha imepigwa upande, kivuli cha mkono kimefunika swali la nne. Mtoto anaomba simu anakili maswali, anairudisha saa tano. Chini ya picha kuna "asante mwalimu" zisizohesabika, na yule mzazi mmoja, kila kundi linaye, katuma dua yenye mawaridi yanayometameta.

Pendekezo langu ni hili. Gurudumu la mwaka lisiserereke. Lianzie mwaka huu, lirudi nyuma mwaka mmoja kwa kila mbonyezo, na kila mbonyezo kichanga kilie kwa sauti isiyopunguzika. Anayetaka kumzeesha mwanawe asikilize vilio vyote, sebuleni, wageni wakiwepo. Na mwandishi wenu, kabla hajatuletea sehemu ya pili, atuambie yeye wake alimwandikia mwaka gani.

Ni mimi,
Baba wa kijana wa 1989